Bahasha Nyuma ya Banda

Amekufa yule papa wa Likasi, Mkongo; kwao papa ni baba. Habari zilinikuta Jumanne, saa ya chakula cha mchana, nimekaa juu ya kreti kwenye ghala la Anderlecht ninakopanga vifurushi, mdomo umejaa mkate. Ujumbe uliingia kwenye kundi la simu la wazazi wa wachezaji, kwa Kifaransa, na picha ya mshumaa juu yake: moyo umesimama ghafla, kibandani kwake, watu wakutane Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa kule Saint-Josse. Na mimi, Mungu anisamehe, sikusema hata pole. Niliusoma ujumbe mara mbili nikitafuta kasoro. Nani kautuma? Mbona namba yake siijui? Ndivyo nilivyo. Kabla ya kuja Brussels nilikaa forodhani miaka kumi na miwili, na mtu aliyezoea kuambiwa kontena ni la mitumba huku linanuka matairi, haamini tena hata salamu za asubuhi.

Niseme mapema kwamba marehemu hakuwa rafiki yangu. Tulikuwa baba wawili wenye vijana wawili na nafasi moja. Vijana wetu walisoma chuo kikuu kimoja hapa mjini, na badala ya kucheza kandanda kama watoto wa watu, wakajiunga na timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani: ule wa kofia ngumu zenye wavu usoni, mabega ya kubandika, na mpira wenyewe umechongoka ncha mbili kama papai changa. Mara ya kwanza nilidhani wanapigana. Mke wangu, ambaye hujifunza mambo upesi, ndiye aliyenielewesha kwamba humo ndani kuna mtu mmoja anaitwa kwotabeki. Mpira huanzia mikononi mwake, yeye ndiye huamua nani arushiwe, na upande wa pili wote shabaha yao ni kumwangusha kabla hajaurusha. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na kocha alikuwa nao wawili, wangu na wa papa wa Likasi. Akatangaza kwamba atawapima wiki sita. Mmoja ataanza mechi, mwingine atasimama pembeni ameshika kofia. Mwanangu aliitaka nafasi ile kuliko alivyoitaka shahada.

Basi nikawa nakwenda mazoezini kulinda haki. Nilisimama upande wa lango, peke yangu, mikono mfukoni. Papa wa Likasi alisimama upande wa kocha. Alikuwa mtu mfupi, mnene kidogo, fundi viatu wa mtaa wa Chaussée de Wavre, kibanda chake kimebanwa kati ya duka la vitenge na ofisi ya kutumia watu fedha, na hakuachana na chupa yake ya chai, ingawa ndani alitia kahawa. Akiniona tu alinyanyua mkono. “Jambo papa! Batoto banaendelea muzuri?” Mimi nilijibu “salama” kama mtu anayegonga muhuri. Kisha alimgeukia kocha wakaongea Kifaransa, haraka haraka, na Kifaransa changu ni cha dukani na cha basi. Nikiona midomo inacheza na sielewi, moyo wangu hautulii. Nilimsimulia mke wangu jinsi wanavyocheka pamoja, jinsi kocha anavyompigia makofi kijana wa papa hata akirusha ovyo. “Wewe,” akasema, “siku malaika akija kukuchukua utamwomba kitambulisho.”

Lakini sikilizeni nilichokiona juma la tano. Ilikuwa siku ya ile mvua nyembamba ya huku isiyojua kukatika. Mazoezi yameisha, vijana wanavua mabega yao, nikamwona papa wa Likasi amemvuta kocha nyuma ya banda la vifaa. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa bahasha nyeupe iliyofungwa. Kocha akaipokea bila kuifungua, akaitia mfuko wa ndani, akamshika bega. Jamani! Mlitaka nifikiri nini? Sisi tuliokulia kule tunaijua bahasha. Barua ya heri hutolewa mezani mbele za watu. Ikitolewa nyuma ya banda ina kazi yake. Nimeziona za kaki, nimeziona zilizokunjwa ndani ya gazeti, nimeiona moja chini ya maandazi, na wote waliozileta walianza kwa kutazama kulia na kushoto. Nilirudi nyumbani kwa hasira.

“Amenunua nafasi,” nikamwambia mke wangu.

“Kwenye timu ya wanafunzi wanaojifulia jezi wenyewe? Nani anunue nini?”

“Ndiyo ujue rushwa haina dogo.”

Wasomaji wangu wa siku nyingi mtaikumbuka makala niliyoandika majuma yale, kuhusu rushwa inavyotufuata mpaka ughaibuni. Humo nilisimulia habari za “fundi mmoja mwenye tabasamu pana” anayemtafutia mwanawe nafasi uwanjani kwa njia za kichochoroni. Sikumtaja jina, kwa kuwa katika safu hii ya gazeti sitaji majina ya watu, lakini viatu nilivitaja, na mtaa niliutaja. Mliniandikia wengi mkanisifu. Mmoja wenu alisema nimemvua mtu nguo hadharani, na ninakiri nilitembea siku nzima kifua mbele.

Juma la sita kocha akasoma majina. Anayeanza: wangu. Nilishangilia, kisha papo hapo nikapata maelezo yangu, maana mtu wa shaka hakosi maelezo: bahasha ilikuwa nyepesi. Kijana wa papa wa Likasi aliibwaga kofia chini akaondoka bila kumtazama baba yake, macho mekundu. Lakini baba! Baba alikuwa anatabasamu. Nikajiuliza, mtu ambaye mwanawe ameshindwa anafurahia nini? Nikamwona anavuka uwanja kuja upande wangu, kwa mara ya kwanza, chupa kwapani na vikombe viwili mkononi.

“Félicitations, papa. Mutoto yako iko na mukono ya kweli. Bon, kunywa café, tusolole kidogo. Iko jambo moja ya batoto.”

Nikazipokea hongera zake, nikamwambia sina muda wa mazungumzo, nina basi la kuwahi. Sikuwa na basi, mimi huja kwa metro. Alikitazama kile kikombe alichokwisha kukijaza, akakinywa mwenyewe. “Alors, siku ingine,” akasema. Siku nyingine zilikuwepo tele, misimu miwili mizima. Mwanawe aliacha kabisa kucheza, lakini yeye aliendelea kuja mechi moja moja, na kila alipouelekea upande wangu mimi nilikuwa na simu ya kupokea. Nilidhani anataka kuniomba nimnyamazie. Na kumnyamazia nilikuwa nimeshakataa, mbele yenu nyote.

Jumamosi nikaenda Saint-Josse. Mke wangu alinisindikiza mpaka mlangoni akaniambia, “Leo usichunguze mtu, toa pole tu.” Ukumbi ulijaa, kinamama wanaimba, viti vya plastiki vimepangwa kuzunguka kuta. Mjane alikuwa amekaa katikati ya dada zake, kajifunga kitenge cheusi. Nikampa mkono. Hakuuachia.

“Weye njo papa wa Tanzania?”

“Ndiye mimi, maman. Poleni sana.”

“Mutoto yako angali anacheza?”

“Anacheza. Ndiye anayeanza.” Hata msibani nilisema hivyo kwa majivuno, kinywa hiki!

Akanitazama sana. “Wetu aliacha juu ya kichwa,” akasema. “Banamuangusha ku mazoezi, hakusema kitu. Kisha siku moja anatoka ku métro, hajue tena njia ya nyumba. Anatapika. Docteur akasema ubongo inatikisika, akiangushwa tena itaharibika. Mutoto analia: papa, usiseme, batanicheka. Donc papa yake akapeleka barua ya docteur kwa kocha, mu enveloppe, bila mutu kujua. Mutoto alikasirikia kocha mwaka muzima. Anafikiri alishindwa.”

Bahasha ile ilikuwa na barua ya daktari. Nafasi ambayo mwanangu aliiringia, na mimi nikairingia kumshinda, alikuwa ameachiwa. Mtu muungwana angeishia hapo, akalia, akaenda zake. Mimi sivyo nilivyo. Palepale, mkono wangu ungali ndani ya mkono wa mjane, shaka ikainua kichwa tena: kumbe alijua! Alijua nafasi ile inavunja watoto vichwa, akamtoa wake kimya kimya, wangu akamwacha aingie. Sauti ikanitoka si ya msibani kabisa.

“Mbona basi hakuniambia?”

Akauachia mkono wangu. “Alikuja kukuambia, papa. Mara ngapi? Hakutaka kuandika mu groupe, juu mutoto asipate haya. Alitaka akuambie kwa mudomo, baba na baba. Anarudi ku nyumba anasema: leo tena amekimbia.” Dada yake mmoja alitaka kumnyamazisha, mjane akamsukuma mkono. “Na journal yako batu balimuonyesha mu téléphone. Tulikasirika wote. Ye akacheka. Anasema: ule papa anajua kuandika. Kuuliza njo hajue.”

Sijapata kusomewa hukumu fupi kama ile. Nimeigeuza kichwani siku hizi zote nikitafuta pa kuikatia rufaa, sikupaona. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami nimeishi kana kwamba kuuliza ni kushindwa. Msinielewe vibaya, siwaambii muwe mabwege. Mji huu una wenye nyumba ambao chumba chao “kimeshachukuliwa” mara tu wanaposikia lafudhi yako, na una ndugu zetu wenyewe wanaokukamua huku wanakuita ndugu. Shaka imewahi kuniokoa, ndiyo maana niliivuka nayo bahari na sikuwahi kuitua. Tulipohama tuliacha mengi, lakini hiyo hakuna aliyetuzuia nayo uwanja wa ndege. Ila forodhani, pamoja na uchafu wetu wote, tulikuwa na kanuni moja: mzigo ufunguliwe kwanza, ndipo mwenye mzigo ashitakiwe. Yule papa nilimshitaki, nikamhukumu, nikamtangaza gazetini, na mzigo wake sikuugusa. Alisimama mbele yangu misimu miwili akiniletea habari ya mwanangu mwenyewe, nami nikajifanya nazungumza na simu. Kwa hiyo makala ile naifuta. Fundi niliyemsema hakununua kitu. Kama mliniamini, mliamini uongo wa mtu aliyeona nusu akajazia nusu kwa mazoea, na mkinisoma tena nikimshuku mtu, niulizeni kwanza kama nimekwenda kumuuliza.

Sikukaa kula. Nilitoka nikasimama kwenye ngazi za ukumbi, Saint-Josse yote inapita mbele yangu na mifuko yake ya sokoni, nikampigia mwanangu. Alikuwa chuoni, nikisikia wenzake wanacheka nyuma yake. Maneno niliyoyapanga yote yalinipotea.

“Mwanangu, kichwa huwa kinakuuma?”

Vicheko vikafifia, nadhani alitoka chumbani, kisha nikasikia mlango unafungwa.

“Baba,” akasema polepole, “nani kakwambia?”