Jibu la Wimbo Nisiousikiliza

Mtu wa kwanza kunipa pole alikuwa jirani yangu muuza maandazi, na mimi sikujua nimefiwa na nani. Alisimama mlangoni asubuhi na ndoo yake, akaniambia nisiumie, mti wenye matunda ndio upigwao mawe. Nikamuuliza mawe gani. Akanitazama kwa huruma ile ya mtu anayejua mumeo ameoa kabla wewe hujajua. Ndipo akanieleza: mtoto wa kaka yangu ametoa wimbo, jana umepigwa redioni, na watu wanasema amenilenga mimi.

Mimi ni mtunzi. Au niseme nilikuwa. Zamani harusi ya watu wenye kujiheshimu, iwe Ngamiani iwe Raskazone, haikukamilika bila wimbo wangu. Wanawake walikuwa wakinijia kutoka Tongoni na samaki kwenye kikapu ili niwatungie cha kumjibu wifi au mke mwenza, na nilikuwa nikitunga huku napepeta mchele. Maneno yalikuja yenyewe, nami nikadhani ndivyo yatakavyokuja siku zote. Kisha yakakoma. Sikumwambia mtu. Nikawa nachukua wimbo wa zamani, nabadilisha jina la bibi harusi na rangi ya nguo zake, naupeleka kama mkate uliotoka tanuri leo.

Huyo mtoto wa kaka yangu sasa ni mwanamume mwenye ndevu. Anapiga gitaa kwenye hoteli moja huko Ushongo, na ni wageni wa huko waliomwambukiza roki, muziki wa magitaa ya umeme yanayolia kama yamebanwa mlangoni na ngoma zinazoanguka kama mabati. Mimi ndiye niliyemfundisha vina na mizani alipokuwa mdogo, hapa hapa barazani kwangu. Alipoanza hayo makelele nilimwambia baba yake kwamba debe tupu haliachi kuvuma, na kijana mwenyewe akanisikia. Hata hivyo, kabla wimbo haujafika redioni alinitumia kwenye simu, na chini yake akaandika: Shikamoo shangazi, naomba unisikilizie. Nikaona jina lake, nikajua ni kelele, nikaupita.

Siku ile ya pole, simu haikutulia. Kwenye kundi letu la kina mama wa harusi kila mtu alikuwa na tafsiri yake. Mmoja alisema wimbo unamhusu mtunzi aliyeishiwa wino, sasa anachovya kalamu kwenye maji. Mwingine akasema ndani yake kimetajwa kiti cha kamba kilichoko barazani, na ni nani mjini asiyekijua kiti kile changu? Fundi cherehani wangu alisikia wimbo wa mapenzi, wakamzomea. Dada mmoja mnyamavu, mke wa mwalimu, alituma sauti akasema yeye ulimliza, kwamba kijana anaimba kama mtu aliyepoteza ufunguo wa nyumba yake mwenyewe. Na binti mmoja akathubutu kuandika kwamba kijana anaimba "mimi, mimi" tangu mwanzo hadi mwisho, huenda anajisema mwenyewe.

Huyo binti walimcheka. Kwetu mtu akiimba "mimi", watu hutafuta "wewe" ni nani. Nami nilicheka pamoja nao, maana ni mimi niliyewafundisha hivyo. Nyimbo zangu zote ziliimba "mimi", na kila moja ilikuwa na mwanamke wake aliyerudi nyumbani analia.

Mtu atauliza kwa nini hapo sikuufungua wimbo nikausikiliza. Niliogopa. Kama kweli kijana ameniona, sikutaka kusikia alivyoniona. Ilikuwa rahisi zaidi kukasirika, na hasira ninayo ya kutosha.

Kijembe kisipojibiwa kimekubaliwa. Kulikuwa na hina ya binti mmoja Tongoni wiki ile, na kina mama wakaniambia wazi kwamba wanakuja kusikia jibu. Wengine hata bibi harusi hawakumjua. Nikakaa kwenye kiti changu cha kamba alasiri nzima, nikaweka mchele kwenye ungo ili mikono ikumbuke. Nikapepeta mpaka chenga zikaisha na mchele wenyewe ukaanza kuruka nje. Kuku walishiba. Mimi sikupata hata nusu ya mstari. Basi nikafanya nilichozoea. Nikauchukua wimbo niliomtungia bibi mmoja wa Pangani, zamani, wakati mumewe alipomletea mwenzake, nikatoa kilemba nikatia gitaa. Nilijiambia Pangani ni mbali.

Hina ilikuwa uani, wanawake kwenye mikeka, harufu ya asmini na ya pilau. Waliponiona nasimama walipiga vigelegele kabla sijafungua mdomo. Beti la kwanza likaenda vizuri. Lile la gitaa wakalishangilia mpaka nikajiona mimi ni mimi tena. Nikafika kwenye mstari wenye sumu, nikaimba, "Mwenye kupigwa na jua," nikanyamaza kidogo, kama nilivyokuwa nikinyamaza siku zote ili watu waningoje.

Hawakuningoja. Bibi mmoja nyuma, tambuu mdomoni, akamalizia, "kivuli hakitukani."

Hakuwa na nia mbaya. Alifurahi tu kukutana na kitu anachokijua. Wa pembeni yake wakakumbuka, wakadakia, na uani kote wakaanza kupiga makofi na kuuimba, wakinitangulia, beti baada ya beti, mpaka na pale nilipotia gitaa wao wakarudisha kilemba. Mimi nilikuwa nafungua na kufumba mdomo. Hakuna aliyenicheka. Wangenicheka ingekuwa afadhali. Mama wa bibi harusi alikuja akanifunika kanga mpya mabegani, nikaona machoni mwake kwamba ananitunza kwa ajili ya zamani. Shoga zangu tuliokuja nao kutoka mjini walitazama mikeka. Kuanzia Tongoni mpaka nyumbani hakuna aliyetaja wimbo, walizungumzia pilau tu.

Kesho yake kijana akaja. Alishaambiwa ya Tongoni. Nilisikia bodaboda inasimama nje nikatamani kujifungia chooni, lakini mtu wa umri wangu hamkimbii mtoto wa kaka yake. Akaniamkia, nikamwitikia marahaba bila kumwangalia. Hakuvuta kiti. Alikaa sakafuni kando ya kile cha kamba, pale pale alipokuwa akikaa akihesabu mizani kwa vidole, na magoti yake marefu yakawa hayana pa kwenda.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Yeye akaniuliza kwa upole ni sehemu gani ya wimbo iliyoniumiza, ili ajue alipokosea.

Nikatafuta uongo. Hata huo sikuupata. Nikamwambia sijausikiliza.

Akasema, "Sasa shangazi, ulikuwa unanijibu nini?"

Aibu ya Tongoni niliibeba mbele za watu wengi, na ilikuwa nyepesi kuliko hii ya mtu mmoja aliyekaa sakafuni.

Akaiomba simu yangu, akautafuta ule ujumbe, akaupiga. Magitaa yakalia, mabati yakaanguka, nikavumilia. Halafu vyote vikatulia ikabaki sauti yake, anaimba kwamba kando ya kiti cha kamba alifundishwa kuhesabu mizani, na leo vidole vipo, maneno ya kuhesabu hayapo. Anaimba kwamba wino umemwishia, anachovya maji, anaandika, na karatasi inakauka nyeupe. Jina langu halimo. Mimi nimo mara moja tu, kama mahali alipotoka. Na ulikuwa wimbo mzuri, sitakataa, hata kelele zake zilikuwa na kazi. Mke wa mwalimu alikuwa ameusikia sawasawa, na yule binti tuliyemcheka.

Ulipoisha alirudisha simu mkononi mwangu. Akasema mwaka mzima hajatunga kitu isipokuwa huo, na huo wenyewe ni wimbo wa kukosa wimbo. Anaogopa hotelini watamchoka.

"Nilikutumia wewe kwanza," akasema. "Nilitaka kukuuliza. Wewe ukikwama hufanyaje?"

Alikuwa ananitazama kwa macho yale yale ya utotoni, anangoja niseme aweke akilini. Nikamtazama huyu aliyekauka akasimama mbele ya mji mzima akasema amekauka, na bado akaupata wimbo humo humo.

"Hubadilisha jina la bibi harusi," nikamwambia.

Alicheka kidogo, akidhani ni utani. Kisha akaniangalia vizuri, akaacha kucheka.