Pishi ya Mchicha

Mama mkwe wangu alikuwa na jiko moja na ulimi mmoja, na vyote viwili havikupoa. Tangu niolewe pale Temeke, kazi yangu jikoni ilikuwa kupuliza moto na kukuna nazi. Nilitaka mafiga yangu mwenyewe kuliko nilivyotaka kanga. Basi alipotangaza kwamba wageni wake wa Kimbiji watakuja kula Ijumaa, akanitazama toka juu mpaka chini.

"Wewe utapika mchicha," akasema. "Pishi nzima, ile pishi yangu ya bati ya kupimia. Ukifaa, nitakuonyesha pa kuweka mafiga yako. Usipofaa, endelea kupuliza."

Ijumaa asubuhi akatoka kwenda kuwapokea wageni. Mie nikaenda sokoni na elimu yangu. Katika darasa la kina mama tulifundishwa kwamba fungu la sokoni lina ujanja, ratili ya mizani haina; na kwamba pishi ya mchele ni ratili sita. Mwalimu alisema mchele. Mchicha niliusema mwenyewe. Kwetu Msasani tulikula samaki, mchicha ulikuwa chakula cha mgonjwa, ningejulia wapi?

Nikanunua mafungu ya mchicha, nikamwomba mwenye duka anipimie. Majani yakafunika sahani ya mizani, yakafunika na mawe yake, yakaanza kumfunika mwenye duka. Kila tukipima, bado. Nikarudi kwa wauza mboga nikawamaliza wote. Ratili sita zilipotimia, mwenye duka akaniuliza kama nimeanza kufuga mbuzi.

Nyumbani mume wangu alikuwa anavaa kanzu aende msikitini. Hakuniona uso, alisikia tu sauti yangu ikitoka ndani ya majani. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Hii pishi ya nani? Ya tembo?"

Kicheko chake kiliniudhi sana, lakini kilinifikirisha. Kweli, jani si punje. Nikachukua pishi ya bati ya mama mkwe, nikashindilia mchicha mbichi mpaka ukafurika. Ehee, hii ndiyo pishi! Uliobaki, mzigo mzima, nikampa jirani yangu wa kutoka bara, ng'ambo ya ua wa makuti. Alinishukuru mpaka nikajiona tajiri.

Wangu nikaupika kwa nazi. Nilipofunua chungu, machozi yakanitoka. Pishi nzima ilikuwa imenywea, imebaki ya kumshibisha paka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mama mkwe aliposema pishi, alisema ya mchicha ulioiva. Ratili sita zilikuwa sawa kabisa. Nilikosea nikapatia, nikajisahihisha nikakosea. Na mlangoni nikasikia hodi, na sauti za wanawake wa Kimbiji wakiulizana habari za safari.

Nikapenya uani mbio.

"Shoga, niokoe! Ule mchicha uko wapi?"

"Nimeshaupika, dada. Wa karanga, kama kwetu."

Karanga! Mama mkwe hakuwahi kula mboga isiyo na nazi, na alijivunia hivyo. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Nikabeba chungu chake, nikaumiminia wangu juu, nikakoroga, nikapakua kwa bismillahi.

Wageni wakaanza kula. Mama mkwe akaonja, akasita. Akanitazama. Akaonja tena, safari hii tonge kubwa zaidi. Shangazi mmoja akasogeza bakuli upande wake, mama mkwe akalirudisha. Mafiga yangu niliyaona kabisa, moshi wake unapanda.

Ndipo sauti ikaja kutoka ng'ambo ya ua, kubwa, yenye adabu zote:

"Shikamoo mama! Dada, mkishamaliza naomba chungu changu! Na mniwie radhi, karanga zilikuwa chache!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wageni wakaacha kutafuna. Mama mkwe akalamba vidole, kimoja baada ya kingine, bila haraka, wala asinitazame.

"Marahaba," akajibu kwa sauti. Kisha akanigeukia. "Mafiga utaweka. Lakini yaweke kule uani, yagusane na ua wa huyo mwenzio. Mie nataka kula."

Nikayaweka jioni ileile.