Sauti ya Tano Haikuwa ya Shemeji

Tulitoka watano, tukafika watano. Ila mmoja wetu hatukumjua.

Msicheke, someni kwanza.

Mimi ni kinyozi. Wiki nzima nasimama, kwa hiyo siku ya mapumziko napenda kukaa, hata kama ni juu ya kiti cha baiskeli. Klabu yetu ya baiskeli ilikuwa na watu watano: Kamanda, ambaye ni mwalimu wa udereva; mapacha wawili wauza viatu, kelele tupu; mimi; na shemeji, mume wa dada yangu, fundi baiskeli.

Dada hakuitaka safari ile ya kuvuka jangwa. Jangwa lote lile bila kijiji wala kibanda, na yeye mimba imeshamwelemea.

"Umemchukua mume wangu, umrudishe," akaniambia.

"Dada, huyu ndiye fundi. Yeye ndiye atakayeturudisha sisi."

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Tunakwenda mstari mmoja, Kamanda mbele, fundi mkiani ili amwone kila anayeharibikiwa. Kwa kuwa yeye alibeba vifaa, maji yake tulimbebea sisi. Kila baada ya kitambo Kamanda anaita moja, mapacha wanaitika mbili, tatu, mimi nne, shemeji tano. Kugeuka ni mwiko, maana ukigeuka unayumba na kuwaangusha wenzako.

Mchana upepo ukaamka. Mchanga, jamani, mpaka kwenye meno. Tukafunga vitambaa usoni, tukainama, kila mtu akang'ang'ana na gurudumu la mwenzake wa mbele.

"Moja," Kamanda akaita.

Mbili. Tatu.

"Nne," nikasema.

Kimya.

Nikaanza kubana breki.

"Tano," ikaja sauti nyuma yangu, imekauka.

"Shemeji, utatuua kwa presha," nikamwambia. Hakujibu. Nikajua ni mchanga umemjaa mdomoni.

Tukahesabu tena, na tena. Kila mara tano iliitika.

Jioni upepo umetulia, tukafika kituo cha mafuta mwisho wa jangwa. Nikachukua chupa ya shemeji nimpelekee. Yule wa nyuma yangu akashusha kitambaa.

Hakuwa shemeji. Mwanamume wa makamo, midomo imepasuka, baiskeli kuukuu yenye madumu matupu. Akaninyang'anya chupa, akanywa mpaka akatapika.

"Wewe nani?" Kamanda akamuuliza.

"Mpita njia. Nilikuwa nimepotea."

"Mwenzetu yuko wapi?"

Akatazama chini. "Nilimkuta anaziba pancha. Akaniambia niwawahi, niwaambie mumsubiri."

"Mbona hukutuambia?"

"Nilikuta mnahesabu. Mngegeuka kurudi kule, mimi nisingefika. Nikasema tano."

Nilimkaba. Mapacha ndio walionitoa.

Tukaomba gari, tukarudi palepale. Baiskeli ya shemeji tuliikuta mbali na njia, tairi limejaa vizuri, imeelekea kusiko. Aliziba pancha yake, akaja kutufuata, akakosa wa kumfuata. Yeye mwenyewe hatukumpata. Askari walitafuta mpaka wakachoka. Hata kaburi hana.

Yule mtu alikuja msibani. Nilitaka kumtoa kwa mateke, dada akanizuia. Akamkaribisha, akamsikiliza mwanzo mpaka mwisho, mkono uko tumboni. Jamaa alilia hadi nikaona aibu.

Alipoondoka, nikasema, "Dada, huyu muuaji unamkaribishaje?"

Hakupandisha hata sauti.

"Yule alikuwa anakufa kwa kiu, na hakumjua mume wangu. Wewe umekula naye meza moja miaka yote. Sauti ya mume wangu huijui?"

Nikavaa viatu, nikatoka. Mtoto amezaliwa, nasikia amefanana na baba yake. Nasikia tu, maana mlangoni kwa dada sipiti.

Ndugu msomaji, mtu wako akiwa nyuma, usiridhike kwamba kuna aliyeitika. Geuka umtazame. Ukianguka, utainuka.