Saruji kwenye Shamba la Mama Mdogo

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyechagua mahali. Kijiji chetu kiko bondeni, upande wa Ngungu, na mtandao wa simu haukufika. Nilipotaka kuuleta, alinipandisha hadi shamba la viazi la mama mdogo, mjane wa baba yetu mdogo. Nikapima. Kweli, mawimbi yalifika pale bila kizuizi.

Mama mdogo hakuuliza mengi. Binti yake alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Lushebere, naye alitaka kumsikia. Aling'oa viazi mwenyewe kutupa nafasi.

Nilitumia redio ndogo ambayo kazi yake huamuliwa na programu ya kompyuta, si na nyaya zake. Niliifunga juu ya mlingoti, na paneli ya jua ya kuipa umeme, nikaipanga ipokee mawimbi ya mbali na kuyashusha bondeni. Kaka akasisitiza tumwage saruji chini ya mlingoti, upepo usije ukauangusha. Nikamshukuru, mjinga mimi! Wiki hiyo mama mdogo aliongea na bintiye, akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani.

Mashamba yetu hayana karatasi. Ugomvi ukizuka, chefu, yaani mkuu wa kijiji, huuliza nani ameweka pale kitu cha kudumu. Viazi huvunwa vikaisha.

Baada ya mavuno, kaka alimpandisha chefu kilimani. Nami nikaitwa, mama mdogo akiwa amesimama pembeni.

"Nani alijenga hapa?" chefu akauliza.

"Njo huyu mudogo yangu," kaka akajibu, akininyooshea kidole. "Shamba iko ya baba yetu. Tulijenga, na huyu mama hakukataa."

Chefu akanigeukia. "Njo wewe?"

"Ndiyo, Papa, lakini..."

Alikuwa ameshanyanyua mkono kunikatiza; shamba akampa kaka. Ile "lakini" yangu hakuna aliyeitaka.

Siku hiyohiyo niling'oa mlingoti, redio na paneli ya jua. Saruji ikanishinda; niliipiga nyundo mpaka viganja vikatoka malengelenge. Majirani walinitukana kwa kuwakatia mtandao, na kaka akawaambia nina wivu. Sasa analima pale maharage.

Mama mdogo amehamia Lushebere kwa bintiye. Nilimfuata huko. Alinipa kiti, akaendelea kumenya mihogo.

"Mulipanga wawili?" akaniuliza.

Nikaapa kwa jina la Mungu kwamba sikujua.

"Sawa, Papa," akasema, kwa ile heshima tunayompa mgeni asiye wa ukoo.