Koleo la Ubani na Jiwe la Mzamiaji

Nilifika Doha nikiwa na shahada ya fizikia na leseni ya udereva. Leseni ndiyo iliyopata kazi. Nyumba niliyoendeshea gari ilikuwa mtaa wa Al Thumama, na kazi yangu kubwa ilikuwa kumpeleka mzee wa nyumba hospitali, msikitini, au popote pale ilimradi asishinde ndani akitazama ukuta.

Mzee alisema Kiswahili. Bibi yake, mzaa baba, aliletwa kutoka pwani yetu akiwa mtoto, bila kuulizwa kama anataka kuja, na alimlea mjukuu kwa maneno aliyokuja nayo. Kwa hiyo Kiswahili cha mzee kilikuwa cha kubembeleza na cha jikoni. Mimi alinipa jina siku ya kwanza, nilipomuuliza anajuaje kwamba dawa zake zinamsaidia. "Mbishi wangu," alisema. Nami nilimwita babu.

Baba wa mzee alikuwa mzamiaji wa lulu, akafa wakati mwanawe bado mdogo mno kuikumbuka sura yake. Aliacha vitu viwili. Cha kwanza ni bunduki ndefu ya kushindilia baruti mdomoni, ambayo kwetu tungeiita gobori, ila hii ilitengenezwa na fundi wa kweli na mtutu wake ulikuwa na mifereji myembamba ndani. Cha pili ni pande la madini ya risasi, zito, lenye tundu la kamba. Wazamiaji walilifunga mguuni ili liwashushe chini haraka. Kila mtu nyumbani aliliita jiwe.

Kisha kulikuwa na hadithi. Lulu zilipokosa wanunuzi na watu wakalala njaa, baba huyo alimpiga swala kwa bunduki hiyo kutoka ng'ambo ya bonde, na nyama ikaliwa na mtaa mzima. Mzee hakuwa na kitu kingine chochote kuhusu baba yake. Picha hakuna, kaburi halijulikani. Kulikuwa na swala tu.

Mwana wa mzee, ambaye ndiye bosi wangu, hakuamini. Alikuwa na kibali cha silaha na alipenda kulenga shabaha, kwa hiyo alijiona anajua. Alinunua kwenye mtandao kalibu ya kusubu, yaani kumiminia madini yaliyoyeyushwa, ya risasi ndefu zenye ncha, zile za kisasa, akanituma kwenye gereji nikusanye vipande vya madini ya risasi vinavyobanwa kwenye rimu za matairi kuyasawazisha. Tulisubu, tukaenda na mzee shambani kwao nje ya mji, tukasimamisha boksi la friji mbele ya tuta kubwa la mchanga.

Risasi zilipiga boksi kwa ubavu. Matundu yalikuwa marefu kama ya ufunguo. Nyingine hazikugusa kitu.

"Umeona, baba?" bosi alisema huku akicheka. "Bunduki ya mapambo. Swala alinunuliwa sokoni."

Alikwisha kuzungumza na muuzaji wa vitu vya kale, aje aichukue. Ndani ya gari, tulipokuwa tunarudi, mzee aliniuliza kwa Kiswahili ili mwanawe aliyekaa mbele asielewe, "Mbishi wangu, baba yangu alikuwa mwongo?"

Ningeweza kumwambia hapana. Ndivyo watu wanavyofanya kwa wazee. Lakini sikujua, na sijawahi kuelewa kwa nini mtu asiyejua hufungua mdomo. Baba yangu mimi aliondoka nikiwa tumboni na hakuniachia hata uongo wa kuuchunguza. Nilimwambia, "Sijui, babu. Ila hata hii ya leo haijathibitisha kitu."

Kesho yake nilifunga kitambaa kwenye fimbo ya kushindilia, kikabana, nikaisukuma ndani ya mtutu. Kitambaa kilifuata mifereji, na fimbo ikaanza kujizungusha mkononi mwangu. Nilikuwa nimeichora alama ya chaki. Niliisukuma mpaka mwisho, na chaki haikuzunguka hata nusu ya duara. Mifereji ilikuwa inajipinda kwa uvivu.

Hapo nikaelewa, na nilimwelezea mzee kwa mfano wa pia, ile wanayoizungusha watoto. Pia fupi na nene husimama hata ukiizungusha kidogo. Pia ndefu na nyembamba inataka mzunguko mkali, ama sivyo inaanguka. Bunduki hii ilizungusha kidogo, kwa hiyo haikuitaka risasi ndefu. Ilitaka gololi ya duara, iliyoviringishiwa kitambaa chenye mafuta.

"Na kalibu ya gololi tutaipata wapi?" aliuliza.

Tulikuwa tumekaa sebuleni kwake, bunduki ikiwa kati yetu. Dada wa kazi, Mkenya, aliingia na chetezo cha ubani, ameshika kaa la moto kwa koleo kuukuu la nyumba hiyo. Nililitazama mdomo wake. Koleo gani lina mashavu manene namna ile?

"Hebu nipe."

"Nikupe nini? Aki wewe, ubani utazima!"

"Nipe tu, dada."

"Mtu na digrii yake anapigania koleo," alisema, akalitia kaa chetezoni na kunirushia koleo.

Nililikwangua kwa kisu. Chini ya majivu ya miaka yote hiyo, kila shavu lilikuwa na nusu ya kikombe cha duara, na juu yake kijitundu cha kumiminia. Nyumba nzima ilishikia makaa kwa kalibu ya bunduki. Niliingiza kidole kwenye mdomo wa mtutu, kisha kwenye kikombe. Vililingana.

Mzee alilishika koleo kwa mikono miwili. Halafu alimtuma dada akamletee jiwe.

Nilimkataza asiliyeyushe. Nilimwambia madini ya matairi ni magumu, ndiyo, na gololi inataka madini laini, lakini madini laini yanauzwa dukani, naweza kwenda sasa hivi. Alinionyesha pembe ya jiwe. Ilikuwa imekatwa, tena kwa kifaa kikali.

"Alikata hapa," alisema. "Kwa ajili ya yule swala."

"Labda, babu. Au mtu mwingine alikata, kwa ajili ya uzito wa wavu."

"Ndiyo maana nataka kujua. Kata."

Tulikata. Kilichokatwa kiliyeyuka kwenye sufuria ndogo kama kitu kilichochoka, na kipande kikubwa zaidi ya nilivyotaka kikaingia humo, kwa sababu kila mara alisema niongeze.

Bosi alikubali kwenda shambani mara ya mwisho, kabla muuzaji hajaja. Kitambaa tulikata kwenye kanzu kuukuu ya mzee. Bosi aliiegemeza bunduki kwenye viroba vya mchanga, akafyatua kutoka karibu. Nilikimbia kwenye boksi. Tundu lilikuwa la duara, safi, kama limetobolewa na fundi.

Nilimwongoza mzee mpaka pale. Macho yake yalikuwa na ukungu, hivyo nilimshika kidole nikakiingiza kwenye tundu. Alikizungusha, akakizungusha tena.

"Sasa kutoka mbali," alisema. "Mbali kama bonde."

Kutoka mbali, gololi moja iligusa ukingo wa boksi. Zilizobaki ziliingia kwenye tuta. Moshi ulipotawanyika bosi alishusha bunduki, na safari hii hakucheka. Nadhani naye alikuwa ametaka ipige.

Mzee alinigeukia. "Haya, mbishi. Baba yangu alisema kweli?"

Nilitafuta jibu lenye huruma ambalo pia ni kweli. Sikulipata. "Bunduki inaweza, babu. Ikiwa na gololi yake, inaweza. Kama siku ile yeye aliweza, hilo hakuna bunduki inayoweza kusema."

Alitikisa kichwa polepole. "Nimelikata jiwe lake," alisema. "Nimelikata, na bado sijui."

Kisha akapiga magoti kwenye tuta na kuanza kuchimbua mchanga kwa vidole. Bosi alimwinamia, "Baba, inuka, baba," lakini hakuinuka, na mwishowe sisi wawili tukapiga magoti pia, kila mtu upande wake. Tuliokota gololi zilizobapa. Nyingine zilikuwa na alama ya nyuzi za kanzu. Nyingine mchanga ulizimeza, na jua likatutoa pale.

Muuzaji alipokuja, bosi alimwambia bunduki haiuzwi. Hakueleza sababu, nami safari hiyo sikuuliza.

Niliziyeyusha zile gololi tulizopata nikazimimina kwenye pembe ya jiwe, ndani ya fremu ya udongo. Lilitoka na kiraka kinachong'aa, na dogo kuliko mwanzo. Mzee alilipima kiganjani.

"Limepungua."

"Limepungua, babu."

Alipitisha kidole kwenye tundu la kamba. "Basi," alisema. "Baba atashuka taratibu."