Pua ya Mvunja Mayai

Kazi ya Mama Pua pale bekari ilikuwa kuvunja mayai, na tafadhali msicheke. Anavunja moja moja ndani ya kikombe, ananusa, likiwa zima anamimina kwenye ndoo. Ya kuku hayana matata. Ya kanga ganda lake gumu, unaligonga mpaka mkono unauma. Ya bata ndiyo fitina tupu! Mengine hata ukiyavunja unaapa ni mazima, harufu ndiyo inayosema kweli. Na kwa harufu mama huyu alikuwa hadanganyiki, ndiyo maana wakampa jina hilo.

Basi yakampiga mafua makali, yalipoondoka yakaondoka na harufu zote. Kitunguu, sabuni, mafuta ya taa, kwake vyote vikawa maji. Angemwambia nani? Mumewe yuko kitandani na kidonda cha mguu, ugonjwa wa sukari unamla, na mshahara wa mayai ndio unaonunua dawa na bandeji. Akanyamaza. Kila asubuhi anainama, anamsafisha mume kidonda, anakipaka ile dawa ya zambarau, anafunga, halafu huyoo kazini kujifanya ananusa. Mayai ya bata akawa anayatia majini kwanza kwa siri, linaloelea anatupa. Ujanja huo ukamsaidia kwa muda. Lakini mficha maradhi, jamani, mwisho wake si mnaujua?

Siku moja ikaja oda ya keki ya haraka, mpishi mkuu akamrundikia trei za mayai ya bata na kumsimamia. Maji atayatia saa ngapi? Akavunja, akainamia kikombe, akatikisa kichwa kukubali kama fundi, akamimina. Mara akasikia watu wanakohoa. Kugeuka, wakanda unga wamejiziba nyuso kwa aproni, mmoja anatapika mlangoni, na yeye peke yake bado ameinamia ndoo, yai jingine mkononi.

"We mama, una wazimu?" mpishi mkuu akafoka. "Ndoo nzima inanuka mzoga!"

Aibu iliyompata, acha tu. Alifukuzwa hata mikono hajanawa.

Nyumbani akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwaga yote kwa mumewe: mafua, maji, ndoo. Alilia, tena kwa hasira zaidi ya huzuni. Alijua atagombezwa kwa kazi iliyopotea, lakini mume akautazama mguu wake ndani ya bandeji.

"Kumbe husikii," akasema.

"Sisikii nini, baba watoto?"

"Mguu unanuka, mama watoto. Tangu mwezi uliopita. Majirani wameacha kuingia humu ndani. Wewe nakuona kila asubuhi umeuinamia, hata uso hukunji. Nikasema, mke wangu ananisitiri. Nikaona haya kuutaja."

Daktari aliukata juu ya goti. Alisema wangewahi mwezi ule, vingekwenda vidole peke yake.