Mtoto Aliyekataa Kuitikia Hodi

Vidole vya miguu yake nilikuwa naviona kabisa chini ya mlango. Nikapiga hodi mara ya tatu. Havikusogea.

Twende taratibu. Mimi ni mwalimu Kristina, nafundisha darasa la pili hapa Tanga. Kwetu Lushoto. Nimepanga chumba mtaa wa Mabawa, na sio siri, nikitoka shule Ijumaa naweza nisifungue mdomo mpaka Jumatatu. Upweke unachosha, jamani.

Darasani nawafundisha watoto kuongea kwa kuigiza wawili wawili. Mmoja mgeni, mwenzake mwenyeji.

"Hodi."

"Karibu, pita ndani."

Watoto wa mji huu kwa kuongea hawajambo. Kasoro Hafsa. Akiwa mwenyeji anamtazama mgeni tu, kimya, mpaka mgeni anarudi kukaa. Miezi mitatu hivyo, na mimi namwandikia sifuri.

Mwalimu mkuu akanibana: "Kesho nataka jibu. Kama haongei, arudi la kwanza."

Ndiyo nikaenda kwao, mtaa wa Makorora, nimwone mama yake. Nikakutana na hivyo vidole.

Jirani akachungulia dirishani kwake. "Mwanangu, utajichosha bure. Mamake yuko sokoni mpaka magharibi. Mtoto kafungiwa, kaambiwa hodi ya mtu yeyote asiitikie."

Kumbe kila siku darasani alikuwa ananionyesha kwao kulivyo.

Nikakaa kibarazani, nikaanza kuongea na mlango. Nikamweleza baridi ya kwetu. Nikamweleza mama yangu alishafariki, na kwamba nikipika ugali huwa unabaki. Sikujua nina maneno mengi hivyo.

Muda ukapita.

"Mwalimu." Sauti ndogo, nyuma ya mbao. "Kwani wewe kwako hakuji mtu?"

"Haji mtu, Hafsa."

"Kwangu pia. Basi usiondoke, tuongee mpaka mama arudi."

Nililia pale pale, na jirani akaniona. Sijali.

Tuliongea mpaka adhana ya magharibi, mama yake aliporudi. Yule mtoto ana maneno, mjue. Aliniuliza hata kama kuku wa Lushoto wanavaa sweta.

Kesho yake nilimjibu mwalimu mkuu: Hafsa harudi la kwanza, anaongea vizuri.

Walimu wenzangu, kabla hamjampa mtoto sifuri ya kuongea, ulizeni akifika kwao anaongea na nani. Mimi nilichelewa kuuliza, labda kwa kuwa na mimi hakuna aliyewahi kuniuliza.